Kilicho Ndani ya Ganda: Kupima Mafuta ya Machungwa na Ndimu, Kutoka Kinango Hadi Maabara

Mnunuzi wa mafuta ya ganda la chungwa, awe mtengenezaji sabuni wa Mombasa au wakala wa manukato wa ng'ambo, hana haja ya kusifiwa harufu. Atakuuliza mambo mawili: ndani mna nini, na umejuaje. Kikundi kisicho na jibu hupewa bei ya mafuta yasiyojulikana, hata kama mafuta yenyewe ni safi kuliko ya jirani.

Kwale ni kaunti ya matunda. Shimba Hills, Mkongani na Lukore hutoa machungwa, chenza, malimau na ndimu. Kinango imekaa nyuma ya vilima hivyo, upande ambao mvua hupungua, ni nchi ya mahindi, mbuzi na ng'ombe, lakini sokoni kwake matunda ni hayo hayo yanayoteremka kutoka vilimani. Popote yanapokamuliwa maji, ganda hubaki na kutupwa, na mafuta yenye thamani hutupwa pamoja nalo. Nimeandika kwa ajili ya mtu aliye Kinango au jirani yake, mwalimu wa kemia, mwanafunzi wa stashahada ya maabara, kikundi kinachoanza kukamua, ambaye anataka kujua mafuta yake kwa undani na kuisoma ripoti ya maabara bila kubabaishwa.

Kuna jambo moja nakuomba ulishike tangu mwanzo. Mashine za leo huchapa majina. Unadunga tone, unasubiri saa moja, na karatasi inatoka na orodha ya kemikali 40 au 60, kila moja na asilimia yake. Jina hilo la kompyuta ni dai tu, na dai hutaka mashahidi wawili ambao hawakupatana kabla. Karibu kila ninachokueleza hapa kinahusu namna ya kumpata shahidi wa pili.

Tunda kwanza

Machungwa ya pwani huiva yakiwa bado kijani, kwa sababu usiku wetu hauna baridi ya kuyageuza rangi. Kwa hiyo usitegemee macho kujua ukomavu, na ukomavu una uzito katika kazi hii, maana mchanganyiko wa mafuta hubadilika tunda linavyokua. Kamua matunda machache, pima sukari ya maji yake kwa refraktometa ya mkononi, andika. Chuma kutoka miti mingi iliyotapakaa shambani, si mti mmoja ulio karibu na njia. Tenga aina: Valencia peke yake, chenza za Pixie peke yake, ndimu za kienyeji peke yake. Danzi usilichanganye na chungwa tamu hata kidogo. Kwa limoneni hutaona tofauti kubwa kati yao, lakini danzi lina kemikali zinazoiamsha ngozi dhidi ya jua, na hizo zitafichuka baadaye mahali usipotaka.

Mafuta yamo katika vifuko vidogo kwenye ngozi ya nje yenye rangi. Nyama nyeupe iliyo chini yake haina kazi hapa, hufyonza mafuta na kukupunguzia mavuno. Pinda ganda bichi karibu na mwali wa mshumaa utayaona yakiruka: ukungu mwembamba unashika moto kwa cheche na kuzimika papo hapo. Huo ndio mchanganyiko unaotaka kuufikisha maabara kama ulivyo, na hapo ndipo watu wengi wanapopoteza kazi yao kabla mashine haijawashwa.

Njia mbili za kuyatoa hutoa mafuta mawili tofauti, na lazima uchague kabla. Kukamua kwa baridi huacha kila kitu ndani: vinavyopaa, nta, rangi, na vitu vizito visivyopaa kamwe. Kwa sampuli ndogo, kwaruza ngozi ya nje kwa upole, itie katika maji baridi, zungusha kwenye mashinepewa ya maabara kwa kasi ya mizunguko 4,000 kwa dakika robo saa hivi, kisha nyonya tabaka la juu. Likaushe kwa salfeti ya sodiamu isiyo na maji. Njia ya pili ni kuchemsha na kukusanya mvuke, kwa chombo cha kioo alichokieleza Clevenger mwaka 1928 na ambacho bado kiko katika maabara nyingi za vyuo vyetu. Huko vitu vizito hubaki chunguni.

Kwenye ndimu tofauti hiyo ni kubwa mno. Ukichemsha ndimu pamoja na maji yake, asidi hupiga kazi juu ya mafuta: sitrali, inayobeba harufu kali ya ndimu mbichi, hupungua, na badala yake huzaliwa alfa-terpineoli, terpinoleni na sineoli. Hayo ni mafuta halali yenye soko lake, yapo katika soda na peremende duniani kote, lakini si mafuta ya ndimu iliyokamuliwa. Ukiyapeleka kwa jina hilo, ripoti itakusuta.

Chombo cha kuhifadhia kiwe kioo cha kahawia, kijazwe hadi shingoni ili hewa isipate nafasi, kifuniko kiwe na utando wa teflon. Limoneni ni kiyeyushi. Mimina matone kwenye kikombe cha povu jeupe uone linavyotoboka; na kichwa cha mpira cha dropa kikiachwa juu ya mafuta huvimba na kulegea. Chupa ya soda iliyooshwa vizuri nayo haifai, kwa kuwa mafuta yanaweza kunyonya vilainishi vya plastiki, na vikiingia kwenye spektrometa ya masi huacha alama ya 149 inayojulikana na kila fundi. Ukiiona namba hiyo ikitawala kilele cha mwisho mwisho, umepima chupa.

Kisha joto. Limoneni hutoa mvuke unaoweza kuwaka ikifika nyuzi 48 hivi za selsiasi, na ndani ya gari lililofungwa na kuegeshwa juani Kinango mchana, kiwango hicho hakiko mbali. Safirisha kwenye kasha la barafu, na mwambie wazi anayekubebea mzigo kwamba ni kitu kinachowaka. Kwenye friji mafuta ya kukamua huweza kuingia ukungu na kutua mashapo. Hiyo ni nta, si uchafu. Yaache yarudi joto la chumba, yatikise, ndipo uchukue sampuli. Ukichota ya juu peke yake umeiacha sehemu ya mafuta chini.

Unachoweza kupima Kinango

Kabla ya kulipia mashine ya mamilioni, kuna vipimo ambavyo maabara ya shule ya upili yenye mizani nzuri inaviweza. Vitatu vya kwanza ni uzito kulinganisha na maji, kiwango cha kupinda mwanga, na kiwango cha kuzungusha nuru iliyochujwa. Kwa mafuta ya chungwa tamu, kanuni za dawa za Ulaya hutaka uzito kati ya 0.842 na 0.850, kupinda mwanga kati ya 1.470 na 1.476, na kuzungusha nuru kati ya nyuzi +94 na +99. Limau hukaa mbali na hapo katika kipimo cha tatu, kati ya +57 na +70, kwa hiyo polarimeta peke yake hukutenganishia chungwa na limau bila ubishi.

Viwango hivyo ni vya nyuzi 20. Chumba cha Kinango bila kipoza hewa ni nyuzi 30 au zaidi, na hapa mafuta mema hukataliwa bila kosa. Kila nyuzi moja ikipanda, kiwango cha kupinda mwanga hushuka kwa takriban 0.00045. Mafuta yenye 1.4730 katika nyuzi 20 yatasomeka 1.4685 katika nyuzi 30, chini ya kiwango, ingawa hayana kasoro yoyote. Uzito nao hushuka kwa takriban 0.0008 kwa kila nyuzi. Ama poza chombo kwa maji yenye joto linalotakiwa, ama fanya hesabu ya kusahihisha, na kwa vyovyote andika joto la chumba kando ya kila namba.

Kipimo cha nne nakipenda kuliko vyote, na watu hukidharau: mabaki. Pima gramu 5 za mafuta kwenye bakuli dogo la kioo, weka juu ya maji yanayochemka mahali penye hewa ya kutosha na pasipo moto wa wazi, acha saa kadhaa mpaka uzito usishuke tena. Chungwa lililokamuliwa kwa baridi huacha asilimia 1 hadi 5. Bakuli likibaki tupu, ama yalichemshwa ama yameongezwa limoneni ya kununua. Yakibaki mengi yenye utelezi, kuna mtu kaongeza mafuta ya kupikia.

Cha tano ni uchakavu. Limoneni ikikutana na hewa na mwanga huanza kujenga peroksidi, kisha oksidi ya limoneni, kavoli na kavoni. Harufu huchacha, lakini hatari iko kwenye ngozi, kwa sababu peroksidi hizo huzusha mzio. Zinapimwa kwa titresheni ya zamani: iodidi ya potasiamu, wanga kama kionyeshi, thiosalfeti ya sodiamu. Shirika la kimataifa la manukato, IFRA, hutaka limoneni na mafuta yaliyojaa limoneni yasizidi milimoli 20 za peroksidi kwa lita. Fanya kipimo hiki siku unayokamua na siku unayotuma, halafu linganisha. Na usitarajie mashine ya gesi ikufanyie: peroksidi huvunjika kwenye joto la kiingizio na kutoka kwa sura nyingine.

Ndani ya mashine ya gesi

Kromatografia ya gesi ilianzishwa na James na Martin mwaka 1952, na mafuta ya harufu yameipenda tangu hapo kwa kuwa yanapaa yenyewe. Tone linageuzwa mvuke, linasukumwa na gesi ndani ya safu, yaani mrija mrefu wenye tundu la robo ya milimita uliopakwa utando ndani, na kila kemikali hukawia muda wake kabla ya kutoka upande wa pili.

Mpangilio wa kuanzia, ambao maabara yoyote itauelewa: safu ya mita 30 isiyo na ncha za umeme, ya polisiloksani yenye asilimia 5 ya fenili, utando wa mikromita 0.25, heliamu ya mililita 1 kwa dakika, oveni ianze nyuzi 60 na kupanda nyuzi 3 kwa dakika hadi 240. Mafuta yazimuliwe kwenye heksani, sehemu 1 kwa 100, na uingize mikrolita 1 kwa mgawanyo wa 1 kwa 100. Weka pamba ya kioo ndani ya kiingizio ishike nta za mafuta ya kukamua. Usipofanya hivyo nta itakaa kichwani mwa safu na vilele vitaanza kuvuta mikia. Heliamu ikikosekana au bei ikipanda, haidrojeni inafanya kazi hii vizuri, mradi fundi ajue kuilinda isivuje. Umeme nao: spektrometa ya masi hufanya kazi ndani ya ombwe, na likipotea huchukua saa nyingi kurudi. Uliza kama mashine ina betri ya akiba kabla hujapanga siku.

Shida ya chungwa ni kwamba kitu kimoja kimelijaza. Limoneni ni asilimia 92 hadi 97. Mirseni ni kama 2. Alfa-pineni, sabineni, linaloli, oktanali, dekanali, valenseni, kila moja iko chini ya 1 au karibu na hapo, na hizo ndogo ndizo zinazofanya chungwa linukie chungwa. Limoneni safi ina harufu nyepesi isiyo na mwili. Ukidunga kiasi cha kuziona ndogo, limoneni inafurika, kilele chake kinapinda mbele, na kigunduzi cha masi kinagota dari na kuitaja chini ya ilivyo. Dunga mara mbili: myeyusho mwepesi kwa ajili ya limoneni, mzito kwa ajili ya hizo nyingine. Na kiasi kipimwe kwa kigunduzi cha mwali, ambacho hujibu sawia katika masafa mapana. Spektrometa iachiwe kazi yake ya kutambua.

Kuna jingine kuhusu kiasi. Asilimia za eneo hujumlishwa kuwa 100 kila mara, hata kama sehemu ya mafuta haikutoka kwenye safu kabisa. Mafuta ya kukamua yenye mabaki ya asilimia 3 yataonekana kamili kwenye karatasi. Ukitaka gramu za kweli, ongeza kipimio cha ndani, kemikali moja unayoijua uzito wake, inayotoka mahali patupu kwenye kromatogramu yako. Dunga kwanza mafuta bila hicho kipimio uhakikishe pale ni patupu kweli.

Jina la kilele

Hapa ndipo pa kukaa. Spektrometa ya masi huvunja kila kemikali kwa elektroni za volti 70 na kupima uzito wa vipande. Kompyuta inalinganisha vipande na maktaba yake na kukupa jina lenye alama, tuseme 94 kwa 100. Tatizo ni kwamba alfa-pineni, beta-pineni, sabineni, mirseni, limoneni na gama-terpineni zote zina uzito ule ule, 136, na nyingi zao huvunjika kwa namna zinazofanana, kipande kikubwa kikiwa 93. Limoneni hujitambulisha kidogo kwa kipande cha 68. Nyingine kompyuta inaweza kuzibadilishana na bado ikatoa alama ya juu.

Shahidi wa pili ni fahirisi ya kukawia. Kovats aliileta mwaka 1958 kwa oveni isiyobadilika joto. Van den Dool na Kratz wakairekebisha mwaka 1963 kwa oveni inayopanda, nayo ndiyo tunayotumia. Unadunga mfululizo wa alkani nyoofu zilizoshiba, kuanzia ile ya kaboni 8 hadi 20 au zaidi, kwa mpangilio ule ule wa mafuta yako. Ya kaboni 10 hupewa 1000, ya kaboni 11 hupewa 1100, na kila kilele chako hupimwa kimekaa wapi katikati yao. Tuseme ya kaboni 10 imetoka dakika 10.00, ya kaboni 11 dakika 13.40, na kilele chako kikubwa dakika 10.82. Toa 10.00 kwa 10.82 unapata 0.82, gawa kwa 3.40, zidisha kwa 100, unapata 24. Fahirisi ni 1024, na hapo ndipo limoneni inapokaa kwenye safu ya aina hii katika orodha ya Adams ya mwaka 2007, kitabu ambacho watu wa mafuta ya harufu hukitegemea. Alfa-pineni ni 932, sabineni 969, beta-pineni 974, mirseni 988, oktanali 998, gama-terpineni 1054, linaloli 1095, dekanali 1201, nerali 1235, geraniali 1264, valenseni 1496. Dakika hubadilika safu ikikatwa au gesi ikiongezwa. Fahirisi husogea kidogo sana, ndiyo maana unaweza kulinganisha matokeo ya Kilifi na ya Nairobi na ya Messina, Italia.

Kompyuta ikisema sabineni na fahirisi ikisema 974, usikubali. Hiyo ni beta-pineni mpaka ithibitike vingine.

Hata hivyo, kwenye safu hii beta-felandreni na 1,8-sineoli hutoka karibu juu ya limoneni yenyewe, na kilele kikubwa hivyo huzimeza. Dunga tena kwenye safu yenye ncha za umeme, ya polietilini glaikoli. Pale limoneni inahamia karibu na 1200 na majirani zake hupangika upya. Jina lililosimama kwenye safu mbili na vipande vya masi liandike kwa wino. Lililosimama mahali pamoja, weka alama ya kuuliza mbele yake kwenye ripoti yako. Mnunuzi anayejua kazi atakuheshimu zaidi kwa alama hiyo.

Mikono miwili ya limoneni

Kemikali nyingi za michungwa zina sura mbili zinazotazamana kama mkono wa kulia na wa kushoto, na mmea hujenga moja zaidi ya nyingine. Katika chungwa, limoneni ni ya upande wa kulia, R, kwa zaidi ya asilimia 99. Safu ya kawaida haioni tofauti. Safu iliyopakwa saiklodekstrini, pete za sukari zitokanazo na wanga, hutenganisha sura hizo mbili kuwa vilele viwili. Linaloli ya kutengenezwa kiwandani kwa kawaida huja nusu kwa nusu, na ikiongezwa kwenye mafuta kunogesha harufu, safu hiyo hufichua mara moja.

Udanganyifu mgumu zaidi kwa chungwa ni limoneni halisi ya chungwa, ile rahisi inayotoka kwenye viwanda vikubwa vya maji ya matunda kama vya Brazil. Ni ya upande sahihi, na haibadilishi uzito wala kupinda mwanga, kwa kuwa mafuta yalikuwa limoneni tangu mwanzo. Kinachobadilika ni hizo ndogo. Dekanali, valenseni, linaloli na mabaki vyote hushuka pamoja kwa uwiano mmoja. Ndiyo sababu ninasisitiza kipimo cha bakuli na maji ya moto: kinaona jambo ambalo refraktometa haioni.

Mafuta ya taa hujianika yenyewe. Tafuta vilele vilivyopangana juu ya 1000, 1100, 1200, 1300. Ganda halitoi mfululizo kama huo wa alkani nyoofu za chini.

Kwa tuhuma kubwa, zile zinazofika mahakamani au zinazohusu kontena zima, kuna kupima uwiano wa isotopu za kaboni katika kila kilele, na kupima kaboni 14 ambayo haipo katika kemikali zitokanazo na petroli. Ni vipimo ghali. Kikundi cha Kinango hakivihitaji ila mnunuzi akivitaka, naye avilipie.

Yasiyopaa, na jua la Diani

Mtu akikamua ndimu ufukweni Diani kisha akauacha mkono juani bila kuosha, huenda siku ya pili akaamka na malengelenge na madoa meusi yanayokaa wiki nyingi. Kazi hiyo inafanywa na furanokumarini, bergapteni na ndugu zake, zikichochewa na mionzi ya jua. Zimo katika mafuta ya ndimu, limau na danzi yaliyokamuliwa kwa baridi. Chungwa tamu liko salama kwa upande huu, ndiyo maana nilikuonya usilichanganye na danzi. Hazipai, kwa hiyo mafuta ya mvuke hayanazo, na mashine ya gesi si mahali pa kuzitafuta.

Tumia kromatografia ya kimiminika yenye shinikizo kubwa, safu ya C18, maji na asetonitraili, na kigunduzi cha mionzi ya urujuanimno kilichowekwa karibu na nanomita 310. Kwa bidhaa za kukaa juu ya ngozi, IFRA iliweka mpaka wa bergapteni kuwa sehemu 15 kwa milioni katika bidhaa iliyokamilika. Kikundi kinachotaka kutengeneza mafuta ya kujipaka kwa ndimu kisikose kipimo hiki, au kitumie mafuta ya mvuke tu. Mimi ningechagua mvuke. Harufu itapoa kidogo, na ngozi ya mteja itasalimika.

Mashine hiyo hiyo, ukisogeza kigunduzi karibu na 330, hukuonyesha nobiletini na tanjeretini za chungwa na chenza, ushahidi mwingine kwamba mafuta yalikamuliwa kutoka ganda la kweli. Chenza ina ushahidi rahisi zaidi: methili-N-methili-antranileti yake hufanya mafuta yang'ae buluu chini ya taa ya urujuanimno, ile ile ya kukagulia noti.

Usisahau dawa za wadudu. Nyingi hupenda mafuta kuliko maji, na unapokamua ganda unazikusanya pamoja. Waambie maabara shamba lilipuliziwa nini na lini, ili watafute jina linalojulikana badala ya kuvua gizani.

Kwenda maabara, na karatasi ya kurudi nayo

Pwani, anza na Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Nairobi kuna icipe huko Kasarani, taasisi aliyoianzisha Thomas Odhiambo mwaka 1970, ambako wanasayansi husoma harufu zinazoita wadudu kwa mashine za aina hii na kemikali nyingi ni hizi hizi. Juja kuna chuo kikuu cha JKUAT. Kwa ripoti ya kibiashara, KEBS, shirika la viwango la Kenya. Piga simu kabla ya kusafiri, uliza mashine inafanya kazi leo, ina safu gani, na kama wana mfululizo wa alkani. Mnunuzi wa ng'ambo huenda akataka maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025. Kenya ithibati hiyo hutolewa na KENAS, na huhusu vipimo vilivyotajwa kwenye cheti tu, kwa hiyo omba kuona orodha yake.

Kabla ya kulipa, kubalianeni utapewa nini. Jedwali la majina halitoshi. Taka kromatogramu yenyewe, kromatogramu ya alkani ya siku hiyo hiyo, ya heksani tupu, fahirisi kando ya kila jina, aina ya safu, na vipimo vitatu vilivyorudiwa ili uone namba zinacheza kiasi gani. Omba faili la data ghafi kwenye flashi. Ukipata mtu mwingine mwenye ujuzi miaka miwili baadaye, ataweza kulisoma upya bila kudunga kitu. Ukiwa mwanafunzi, omba pia karatasi ya kurekebisha spektrometa: vilele vya 69, 219 na 502 viwepo, na hewa, yaani 28 na 32, iwe chini kabisa.

Peleka nusu ya mafuta. Nusu nyingine ibaki kwenye chupa ya pili, imejazwa hadi shingoni, kwenye friji, yenye namba ile ile ya fungu, mpaka mnunuzi amepokea mzigo wake na kulipa. Lebo iandikwe kwa penseli na kufunikwa kwa selotepu. Tone moja la limoneni likichuruzika hufuta wino wa kalamu, na chupa isiyo na namba haiwezi kutetea kitu.